Faili Lililofutwa na Marehemu

Mtu aliyefuta majina ya watoto alikuwa amekwisha kuzikwa.

Hivyo ndivyo kumbukumbu za seva zilivyosema, na Mkurugenzi wa taasisi alizisoma kwa sauti mara mbili, labda akitumaini kwamba mara ya pili zingesema kingine. Mtumiaji: mtunza data. Neno la siri: sahihi, bila kukosea hata herufi. Tarehe: juma lililofuata baada ya wafanyakazi wote wa jengo lile kusimama kaburini na beji zao shingoni.

"Kwa hiyo marehemu alirudi kazini," Inspekta alisema.

"Afande, sioni cha kuchekesha hapo."

"Hata mimi sikioni. Endelea."

Inspekta alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya mtu aliyechoshwa na uongo wa watu wazima. Hakuwa na haraka ya kukaa. Alizunguka ofisi ya Mkurugenzi taratibu, akagusa kiyoyozi kisichofanya kazi, akasoma cheti ukutani, kisha akarudi mezani.

"Nieleze kama unavyomweleza mama yako," alisema. "Maneno makubwa waachie wenzako."

Mkurugenzi alivua miwani. Taasisi yake, alieleza, ilikuwa imepima mioyo ya watoto wa shule, maelfu yao. Kila mtoto alipewa namba. Daktari wa moyo aliona namba na picha ya moyo, hakuona jina. Mtunza data aliona namba na jina, hakuona picha. Ndivyo siri ya mgonjwa inavyolindwa, hasa pale data inapokwenda kwa watafiti wa nje.

"Na jina na moyo vinakutana wapi?"

"Kwenye faili moja tu. Lililofutwa."

"Fomu za wazazi?"

"Zipo kabatini. Zina majina, hazina namba. Picha za moyo zina namba, umri na jinsia basi. Hata shule tuliiondoa, kwa sababu ya kushirikisha watu wa nje."

"Nakala ya akiba?"

Mkurugenzi aliangalia chini. "Faili la majina haliruhusiwi kuwa na nakala. Kanuni tuliandika wenyewe."

"Hongereni," Inspekta alisema.

Lakini uso wa yule mzee ulikuwa umepauka kiasi kwamba kejeli ile ilimrudia mwenyewe mdomoni kama shubiri. Mkurugenzi alimsogezea karatasi yenye namba kumi na nane.

"Picha zimemaliza kusomwa juzi. Watoto hawa mioyo yao imeharibika, milango ya moyo imekakamaa. Wapo wa kuchomwa sindano tu, wakapona. Wapo wa kupasuliwa. Wako huko nje, afande, wanaruka kamba, wanacheza mpira, na wazazi wao hawana habari. Nina namba zao. Sijui ni akina nani."

"Wapimeni wote upya."

"Mashine ni moja. Tutaanza, lakini itachukua mwaka na zaidi. Hapa kuna mtoto hana mwaka wa kuishi."

Inspekta aliikunja ile karatasi akaitia mfukoni. Tangu dakika ile hakuwa akimtafuta mwizi. Alikuwa akitafuta majina.

*

Mkurugenzi alikuwa na mtuhumiwa wake tayari, kama ilivyo kawaida ya wakubwa. Alimtaja kwa kunong'ona: Daktari wa Moyo. Aligombana na marehemu kwenye korido hadi wafagizi wakaacha mifagio. Alilitaka faili la majina kwa udi na uvumba, marehemu akamkatalia. Wenzake walikuwa wamembandika marehemu jina la Komeo, kwa jinsi alivyofunga data.

Inspekta alimkuta Daktari kwenye chumba cha mashine, anafuta jeli kwenye kipimo kwa taulo ya karatasi. Mtu mrefu, ndevu za siku kadhaa, shati limefungwa vifungo upande upande.

"Umetumwa na Mkurugenzi," alisema bila kugeuka.

"Nimekuja kwa miguu yangu. Mlikuwa mnagombania nini na Komeo?"

"Majina."

"Ya kuwauzia watu wa nje?"

Daktari aligeuka sasa. "Wewe mama una wazimu? Watu wa nje hawana shida na majina! Nilipoona moyo wa kwanza umeharibika, kabla hata kazi haijaisha, nilimfuata Komeo. Nikamwambia, nipe jina la huyu mmoja tu. Akasema tungoje picha zote zisomwe, kamati ya maadili ikae, ndipo tuite wazazi. Nikamtukana. Nilimwita karani asiye na moyo." Alitupa taulo kwenye pipa, ikaanguka nje. "Mtu mwema kuliko wote humu ndani. Baada ya siku chache akaanguka bafuni kwake, akafa. Neno langu la mwisho kwake ni hilo."

"Moyo huo wa kwanza ni wa nani?"

"Namba. Msichana, miaka tisa. Ndio mbaya kuliko yote. Akipanda mlima kidogo, au ngazi, pumzi inakata. Watu watadhani ni uvivu."

"Wasichana wa miaka tisa mliowapima wangapi?"

"Mamia."

Inspekta alimtazama mikono. Haikuwa mikono ya mtu anayeficha. Kwa nini afute faili analolilia? Mwizi angelichukua, asingeliteketeza.

"Neno la siri la Komeo ulilijua?"

"Hakuna aliyelijua."

"Baada ya mazishi ulilitafutaje hilo faili?"

Hapo Daktari alisita. "Nilikwenda msibani," alisema. "Nilikuwa na nia ya kuomba laptopu yake ya kazi, kwa sababu anaitumia nyumbani pia. Nikamkuta mjane ameiweka mapajani, ameikumbatia. Ningeanzaje? Niseme, pole kwa msiba, naomba kompyuta? Nikala kilichoandaliwa, nikaondoka."

"Laptopu ya kazi iko nyumbani kwa marehemu?"

"Iko, ndiyo. Kila mtu anajua."

"Kila mtu anajua, na hakuna aliyeifuata?"

"Afande, wewe ungeifuata?"

Inspekta alitoka nje, akamwita Fundi.

*

Fundi wa kompyuta wa kikosi alikuwa kijana mnene mwenye utani mwingi. Alikaa mbele ya seva ya taasisi, akazipitia kumbukumbu huku akitafuna kijiti.

"Bosi, huyu marehemu alikuwa na pupa," alisema. "Hajafuta faili la majina. Amefuta folda nzima. Fomu zote za wazazi zilizopigwa picha, ratiba za gari, orodha ya chai ya ofisi. Faili la majina lilikuwa mle mle, dogo tu, likaenda na mengine."

"Alianza na nini?"

"Na hiyo folda. Ndiyo nzito kuliko zote. Halafu akafuta inayofuata kwa uzito, halafu akaacha."

"Hakufungua kitu kwanza?"

"Fomu mbili tatu. Akachungulia, akafunga."

Inspekta aliegemea mlango. Mtu anayeficha ushahidi huwa anajua anachokitaka. Hukiendea, hukiondoa, huondoka. Huyu alipanga vitu kwa uzito kama mtu anayepakia gari la kuhamia.

"Huyu hakuwa anaficha kitu," alisema. "Alikuwa anatafuta nafasi."

Fundi alitoa kijiti mdomoni. Akarudi kwenye kioo, akabofya bofya, kisha akaguna. Amri ya kufuta haikutolewa ndani ya jengo. Ilitoka kwenye laptopu ya marehemu, iliyounganishwa na seva: kinachofutwa huku kinafutika na kule.

"Kapu la taka? Si huwa mnasema hakuna kinachopotea?"

"Lingekuwepo. Ofisi ya Utumishi ilifunga akaunti ya marehemu juma lililopita. Akaunti ikifungwa, kapu linamwagwa." Alimtazama bosi wake bila utani wowote. "Kilichobaki ni diski ya laptopu yenyewe. Ni ya zamani, kwa hiyo kilichofutwa bado kimelala mle, mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Tuombe Mungu hajaandika kitu."

*

Marehemu aliishi orofa ya nne kwenye jengo lisilo na lifti. Kwenye ngazi, kati ya orofa ya pili na ya tatu, palikuwa na msichana ameketi, sare ya shule, begi pembeni, mgongo umeegemea ukuta.

"Shikamoo."

"Marahaba. Unamngoja nani?"

"Simngoji mtu. Napumzika."

"Loo, na mimi nipumzike hapa," Fundi alisema akihema. "Tumbo hili linanielemea. Wewe una tumbo gani la kukuelemea?"

Msichana alicheka kidogo, akaziba mdomo kwa kiganja. Walimpita, wakaendelea kupanda.

Mjane alifungua mlango kabla hawajabisha. Alikuwa amevaa shati la kiume lililomzidi, mikono imekunjwa. Sebule ilikuwa safi, isipokuwa kiti kimoja karibu na dirisha chenye koti juu yake, na lile koti ilionekana wazi halijaguswa. Inspekta alijitambulisha, akampa pole. Mjane alipokea pole ile kama anavyopokea mtu aliyekwisha kupewa nyingi.

"Dada, nimekuja kwa ajili ya kompyuta ya mumeo."

"Nilijua mtakuja." Aliitazama laptopu iliyokuwa mezani, kifuniko wazi. "Nilishangaa mmekawia. Wenzake walikuja, wakala, wakalia, wakaenda. Nilingoja hata mmoja aniulize. Ningempa. Siku zile za mwanzo ningempa."

"Neno la siri ulilijua?"

"Alinipa mwenyewe, zamani. Alikuwa anasahau vitu nyumbani, ananipigia simu, mama watoto hebu nifungulie, nisomee kitu fulani. Nilimwambia wewe huko kazini wanakuita Komeo, mimi hapa ndio ufunguo." Alitabasamu, kisha tabasamu likamtoka. "Kuna nini?"

"Baada ya mazishi ulifuta kitu humu?"

Mjane hakukana. Wala hakuelewa. Aliketi, akaeleza kwa utulivu, na utulivu ule ndio uliomuumiza Inspekta kuliko kilio. Simu ya mumewe kioo kilikuwa kinakufa. Ndani yake mlikuwa na sauti zake, zile jumbe za sauti alizokuwa akimtumia kila siku, za kununua sabuni, za kuchelewa, za utani. Shemeji yake alimwonyesha jinsi ya kuzihamishia kwenye kompyuta kabla simu haijazima kabisa.

"Nikazihamisha. Katikati ikaniambia imejaa. Simu yenyewe inazima na kuwaka. Nilichanganyikiwa. Nikaangalia kilicho kizito kuliko vyote, nikaona mafomu ya watu nisiowajua. Nikasema moyoni, hawa wana watu wao. Mimi mtu wangu ndiye huyu. Nikafuta. Nikadhani kazini yapo, si kazini ndiko kwenye kila kitu?"

Fundi alikwishaketi mbele ya ile laptopu, akaizima, akachomeka diski yake mwenyewe, akaiwasha upya kwa namna yake ili isiandike chochote. Jasho lilimtoka ingawa dirisha lilikuwa wazi.

Inspekta ndiye aliyemwambia. Alimwambia yote, kuhusu namba kumi na nane na faili dogo lililokuwa kwenye folda ile, kwa maneno mafupi, maana hakujua njia nyingine.

Mjane alishika shingo yake. "Nimeua watoto wa watu?"

"Hujaua mtu. Bado tunawatafuta."

"Kwa sababu ya sauti?" alisema. "Jamani. Kwa sababu ya sauti?"

"Bosi," Fundi aliita polepole.

Inspekta alisogea. Kwenye kioo palikuwa na safu za herufi ovyo.

"Faili la majina lilikuwa hapa. Mwanzo wake upo, nitaokota majina kadhaa. Baada ya hapo..." Aliweka kidole. "Baada ya hapo siyo majina tena. Ni sauti. Imeandikwa juu yake hasa, ujumbe mmoja. Huu hapa."

"Una hakika?"

"Niufungue nihakikishe. Sitafuta kitu, mama, usiogope."

Mjane alikwishasimama nyuma yao, ameshika mgongo wa kiti. Alisoma tarehe ya ule ujumbe.

"Huo ndio ninaoupenda," alisema. "Ndio niliouhamisha wa kwanza baada ya kupata nafasi. Alinitumia niko sokoni. Huwa nausikiliza kila asubuhi."

Fundi alibofya. Sauti ya mwanamume ikajaa sebuleni, nene, yenye kicheko kinachotaka kutoka kabla ya maneno.

*"Mama watoto, njoo uone visa! Nimemkuta tena Ajuza wako katikati ya ngazi, ameketi, anahema kama bibi wa miaka tisini. Nikamwambia, we Ajuza, ukizeeka kweli itakuwaje? Unajua amenijibu nini? Eti, baba, miguu yangu mizima, pumzi ndiyo inaisha."* Kicheko kikamtoka sasa, kirefu, cha mtu mwenye furaha. *"Pumzi ndiyo inaisha! Uvivu wa mama yake huo. Haya, nimembeba mgongoni mpaka juu, mgongo wangu umekwisha. Usisahau sabuni."*

Ikanyamaza. Mjane alikuwa anatabasamu huku machozi yanamtoka, midomo ikifuatisha maneno ya mwisho. Usisahau sabuni.

Inspekta hakuwa akimtazama. Alikuwa akiutazama mlango. Mkono wa Fundi ulikuwa umeganda juu ya kompyuta, na yeye pia alikuwa ameelewa.

"Dada," Inspekta alisema, na sauti yake haikuwa ile ya kawaida. "Yule mtoto wa kwenye ngazi ni wako?"

"Ajuza? Ndiyo, ni wangu. Amekaa tena? Ana tabia hiyo."

"Ana miaka mingapi?"

"Tisa."

"Alipimwa moyo shuleni?"

"Alipimwa pamoja na wenzake. Baba yake ndiye aliyetia saini. Alisema hawezi kuwaomba wazazi wengine watoto wao halafu wa kwake amfiche nyumbani." Mjane aliwatazama mmoja baada ya mwingine. "Alisema mtoto akionekana ana shida tutaitwa. Hatukuitwa, kwa hiyo..."

Inspekta aliliona neno lenyewe likimfikia. Alimwona akiitazama laptopu, kisha koti la kitini, kisha laptopu tena. Mumewe alikuwa na jina la mtoto yule mkononi miezi yote ile, na namba yake pembeni. Kitu alichokosa ni picha ya moyo tu, na hiyo alikatazwa kuiona, na alikuwa mtu wa kufuata kanuni. Alikuwa akimbeba mgongoni huku anacheka.

Inspekta alipiga simu hapo hapo. "Daktari, washa mashine. Nakuletea mmoja."

"Namba ngapi?"

"Namba sina. Jina ninalo. Na waliobaki watakuja kwa majina yao, chukueni fomu kabatini, wapigieni wazazi simu leo, muwaulize swali moja tu: mtoto wenu anapumzika kwenye ngazi? Wa kwanza kupimwa wawe hao."

Kule kwenye ngazi nyayo zilikuwa zimeanza tena. Zilipanda chache, zikasimama. Zikapanda moja. Zikasimama.

Mjane alitoka mbio bila viatu. "Usipande!" alipiga kelele, na sauti yake ikagonga kuta za jengo zima. "Baki hapo hapo! Usipande, nakuja kukuchukua!"

Inspekta alipofika ukingoni mwa ngazi alimkuta amekwisha kumnyanyua, miguu mirefu ya mtoto inaning'inia, begi limebaki chini, kichwa kimezama kwenye lile shati la baba yake.

"Mama, nishushe, watu wanatuona," Ajuza alisema. Kisha akausikia mwili wa mama yake unavyotetemeka, akaacha kujinasua. "Mama? Nilikuwa napumzika tu. Mbona unalia? Nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu, mama," mjane alisema, akianza kushuka naye. "Hujafanya kitu. Pumzika."